Hali ya Kitabu

Fomu inauliza: hali ya kitabu?
Kuna vijumba vitatu vya kutia tiki:
kipya, kizuri, kimechoka.
Hakuna kijumba cha kinachonuka dagaa.

Napima dagaa Mwaloni, Kirumba,
gunia kwa gunia tangu alfajiri,
na mizani ikipumzika, nami nasoma.
Vitabu vyangu vyote vina magamba.
Basi nikatia tiki kimechoka, nikaongeza kwa maneno:
"Jalada hakuna. Mbu mmoja, ukurasa wa 40, amekauka.
Pambizoni kuna namba ya simu ya mtu. Nimepiga, haipatikani."
Nikatuma.
Nikapata pointi moja na msomaji mmoja:
Majura, fundi saa, Nansio.

Kitabu kikavuka kwa boti ya saa nane
ndani ya mfuko wa unga wa muhogo,
mikononi mwa Mbuke muuza vitenge,
anayetapika kutoka Mwanza hadi Ukerewe
na hajawahi kupoteza mzigo wa mtu.

Siku ya nne, ujumbe:
"Dada Holo, salaam. Karatasi ya 211 haipo.
Ukurasa wa 210 mjomba anapanda mlima na taa.
Ukurasa wa 213 watu wanalia.
Hapo katikati kulitokea nini? Silali."

Gunia likabaki linaning'inia mizanini.
Ukweli: sijui.
Ukweli wenyewe hasa: niliing'oa mimi, mwaka juzi,
tukafungia chumvi, hata sikuisoma.

Ningesema pole, chukua pointi yako.
Nikachukua daftari la mizani,
nyuma ya hesabu za magunia
nikampa mjomba mlima wa mawe kama ya Bwiru,
jiwe juu ya jiwe, yameegemeana kama walevi wawili,
nikavuta upepo wa ziwani, nikazima taa,
nikamtelezesha.
Alikufa vizuri. Nililia kidogo,
na mchuuzi mmoja akanilipa pungufu nisijue.

Mbuke aliibeba karatasi ndani ya kilemba, isilowe.

"Nimesoma mara tatu," akaandika Majura,
"saa za watu zimelala mezani.
Ila, dada, huyu mjomba uliyemzika,
ukurasa wa 230 anakuja kunywa uji."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie,
na mizani yangu, na magunia yangu.
Lakini hakudai pointi.
Kwa penseli ya kuandikia risiti
aliongeza chini ya mwandiko wangu:
Kumbe alizimia tu; baridi ikamwamsha.
Fundi saa, bwana.
Kwake kilichosimama si kilichokufa.

Kitabu kikaendelea na mambo yake.
Sengerema, kwa mwalimu.
Geita, kwa mlinzi wa usiku.
Nilikifuatilia hadi Muleba, nikakipoteza.

Sasa vuli imerudi, dagaa hawakauki, bei imepanda,
na jana usiku natafuta cha kusoma,
napitisha kidole, napitisha,
mtu wa Musoma, simjui, ameweka:

"Riwaya. Jalada hakuna. Kimechoka.
Mbu wawili.
Kina harufu, sijui ya nini, siyo mbaya.
Karatasi ya 211 imeandikwa kwa mkono, nyuma yake hesabu za magunia.
Atakayechukua asiing'oe.
Ndiyo sehemu nzuri."

Nina pointi moja.
Kidole kikasimama juu ya neno omba
mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.
Nikaamka mara mbili kuangalia.
Mara ya pili hakikuwepo, kimeombwa,
na mama gizani ananiuliza nacheka nini.
Nikamuuliza ile chumvi ya mwaka juzi,
karatasi yake tuliitupa wapi?

Akasema: chumvi ipi? Lala.